Mkaa, Udongo na Mafunjo: Historia ya Kuchuja Harufu ya Majitaka Katika Bonde la Mara

Mto Mara huanzia katika nyanda za juu za Mau nchini Kenya, ambako mito Amala na Nyangores hukutana. Hupita katika mbuga za Maasai Mara, huvuka mpaka na kuingia Hifadhi ya Serengeti, kisha hugeukia magharibi, ardhi ya Wilaya ya Tarime ikiwa kaskazini yake na ya Wilaya ya Serengeti kusini. Mwisho huzama katika kinamasi cha Masurura, hupita chini ya daraja la Kirumi na kumwagika Ziwa Victoria. Katika mwendo huo wa kilomita zipatazo 395, maji hubeba udongo, majani, kinyesi cha mifugo na cha viboko, na taka za watu. Kinamasi huyapokea yote, huyapunguza kasi, huyapitisha katika mashina na mizizi ya mafunjo, na kuyatoa upande wa pili yakiwa mepesi zaidi. Hilo ndilo chujio kubwa kuliko yote yaliyopata kufanya kazi mkoani Mara, na halikujengwa na mtu.

Historia ya kuzuia harufu ya majitaka ni historia ya watu kujaribu kuiga kazi hiyo kwa vipimo vidogo. Harufu yenyewe ina chimbuko linaloeleweka. Oksijeni inapokwisha ndani ya maji machafu, bakteria wengine hugeukia salfeti iliyomo na kuitumia mahali pa hewa, na katika kuitumia hutoa haidrojeni salfaidi, gesi yenye harufu ya mayai viza. Pua ya binadamu huitambua ingali sehemu chache tu katika bilioni moja za hewa. Ikifika sehemu 100 katika milioni moja hulemaza uwezo wa kunusa, na ikizidi 500 huweza kuua mtu aliyeingia shimoni akidhani hewa imetulia kwa kuwa hanusi tena kitu. Amonia na gesi nyingine za salfa huandamana nayo. Kila zama ilichagua kitu cha kuipitishia hewa hiyo kwa kufuata vile ilivyoamini kwamba harufu ni nini, na kwa kufuata kilichopatikana karibu.

Kabla ya miji, kitu cha kwanza cha kuchujia kilikuwa udongo, na cha pili kilikuwa umbali. Koo za Wakurya upande wa Tarime, na Wangoreme, Waikoma, Wanata na Waisenye upande wa Serengeti, waliishi katika maboma yaliyotengana, ng'ombe wakilala karibu na watu. Kinyesi cha mifugo kilikauka juani au kiliwashwa ili moshi wake ufukuze wadudu, kikabaki majivu, na uchafu wa watu ulifukiwa mbali na nyumba. Udongo wenye uhai hula harufu: gesi hunata kwenye unyevu wa chembe zake, na bakteria waliomo huigeuza. Waliofukia hawakuhitaji kujua kemia hiyo ili ifanye kazi. Juu kwenye chanzo cha mto, jamii za Wakalenjin zilikuwa zimeujua mkaa kwa njia nyingine, kwa kusugua ndani ya vibuyu vya maziwa kwa kaa la mti wa senetwet. Huko pwani, wenye nyumba za mawe za miji kama Gede walichimba vyoo ndani ya nyumba zenyewe, wakategemea mwamba wa matumbawe wenye vitundu na kuta za chokaa. Mwanzo wa historia hii basi una udongo, majivu, mkaa na chokaa, na hakuna hata kimoja kati ya vinne hivyo ambacho kimetoka katika orodha ya wahandisi wa leo.

Karne ya 19 ilileta hofu mpya. Wasomi wengi wa Ulaya waliamini kwamba harufu mbaya yenyewe ndiyo ugonjwa, kwamba kipindupindu na homa huelea hewani kutoka kwenye uchafu. Kwa imani hiyo, kuchuja harufu kulikuwa kuokoa maisha. Mwaka 1849 Frank Hills alisajili nchini Uingereza njia ya kusafisha gesi ya makaa ya mawe kwa kuipitisha katika oksidi ya chuma, ambayo hunasa salfa. Mwaka 1854 mkemia John Stenhouse alionyesha kinyago chenye mkaa wa kuni ndani yake, na akapendekeza mkaa huohuo uwekwe kwenye matundu ya hewa ya mifereji ya majitaka mjini London. Mwaka huohuo daktari John Snow alikuwa akifuatilia kipindupindu cha mtaa wa Soho hadi kwenye pampu ya maji, ushahidi uliopaswa kuivunja imani ya hewa mbaya lakini haukuivunja kwa haraka. Mwaka 1858 mto Thames ulinuka kiasi cha kulisumbua Bunge, na ujenzi wa mifereji mikuu ukaidhinishwa. Mwaka 1860 mchungaji Henry Moule wa Dorset alisajili choo cha udongo mkavu, kilichomwaga kiasi cha udongo juu ya kinyesi kila kilipotumiwa. Upande wetu wa dunia, wageni waliotua Unguja katika miaka hiyo walilalamikia harufu ya ufuo wake, na David Livingstone, aliyepita huko mwaka 1866, aliubatiza mji jina la dhihaka kwa sababu hiyo. Mkaa wa Stenhouse haukufika Unguja.

Kati ya mwaka 1883 na 1884 Robert Koch alimtambua bakteria wa kipindupindu, na swali zima likageuka. Ikiwa muuaji ni kiumbe kilichomo majini, harufu ni kero tu. Ugunduzi huo uliokoa watu wasiohesabika, na kwa upande wa harufu uliacha pengo la miongo kadhaa: vichujio vya mkaa vilisahauliwa katika miji mingi na fedha zikaenda kwenye maji safi. Bonde la Mara wakati huo lilikuwa na misiba yake. Mikataba ya mwaka 1886 na 1890 kati ya Uingereza na Ujerumani ilichora mpaka ulionyooka kutoka ziwani kuelekea Kilimanjaro, ikawagawa Wakurya pande mbili. Katika miaka hiyohiyo sotoka iliua ng'ombe kwa wingi, maboma yakaachwa, vichaka na mbung'o vikarudi, na baadaye malale yakaenea kandokando ya ziwa. Koch mwenyewe alikuja Ziwa Victoria mwaka 1906 kuchunguza malale, akaweka kambi katika visiwa vya Sese. Wajerumani walikuwa wamejenga kituo Shirati na ngome Ikoma. Kituo cha namna hiyo, chenye askari, wafungwa na watumishi waliokaa mahali pamoja mwaka mzima, kilileta hali ambayo maboma yaliyotawanyika hayakuijua: kinyesi cha watu wengi katika eneo dogo, kingi kuliko uwezo wa udongo ulio karibu kukimeng'enya.

Vita Kuu ya Kwanza ilibadilisha mkaa. Tangu mwanzo wa karne ya 20, Raphael von Ostrejko alikuwa amesajili njia za kuutengeneza mkaa ili matundu yake madogo yafunguke, na gramu moja ikawa na uso wa ndani unaofikia mita za mraba elfu moja. Gesi ya sumu ilipotumiwa vitani, mkaa huo, ulioitwa mkaa amilifu, uliwekwa kwenye vinyago, na vifuu vya nazi vikaonekana kuwa miongoni mwa malighafi bora kwa sababu mkaa wake ni mgumu na vitundu vyake ni vidogo mno. Nazi, tunda la mwambao wetu, ikaingia katika historia ya kuchuja hewa kupitia mahandaki ya Ulaya.

Chini ya Waingereza, Tarime ikawa makao ya wilaya iliyoitwa Mara Kaskazini. Usafi wa miji ya kikoloni ulijengwa juu ya ubaguzi: nyumba za maofisa zilitengwa upande wa juu, zikapata makaro na hewa safi, na wenyeji wakapata vyoo vya shimo au vya ndoo vilivyobebwa usiku na vibarua. Umbali ulitumika tena kuwa kichujio, safari hii kwa amri. Ughaibuni, ujuzi ulikuwa unakua. Mwaka 1923 Mjerumani aitwaye Bach alipendekeza kwamba hewa yenye haidrojeni salfaidi kutoka mitambo ya majitaka ipitishwe katika udongo wenye bakteria. Mwaka 1945 C. D. Parker wa Melbourne alieleza jinsi bakteria wanavyoigeuza gesi hiyo kuwa asidi ya salfuriki juu ya kuta za mifereji na kuitafuna zege. Tangu hapo hoja ya fedha iliongezeka juu ya hoja ya pua, kwa kuwa gesi inayonuka hubomoa mtambo uliojengwa kwa gharama kubwa. Mwaka 1957 Richard Pomeroy alipata hataza ya tandiko la udongo la kuchujia hewa, lililojaribiwa Long Beach, California. Mwaka 1966 watafiti Carlson na Leiser walionyesha kwamba kazi kubwa ndani ya udongo huo hufanywa na viumbe hai, na kunata kwa gesi kwenye chembe ni hatua ya kwanza tu. Yaliyofanywa na mababa wa Tarime kwa jembe yalikuwa sasa na maelezo yake.

Mwaka 1973 unastahili kuzingatiwa, kwa kuwa mambo matatu yaliyotokea ndani yake yanakutana leo Tarime. La kwanza ni kampeni ya Mtu ni Afya, iliyoendeshwa Tanzania nzima kwa redio na vikundi vya kujisomea. Watu wapatao milioni 2 walishiriki, na vyoo vya shimo vilichimbwa kwa mamia ya maelfu. Operesheni Vijiji ilipowakusanya watu katika miaka iliyofuata, vyoo hivyo vilikuwa karibu zaidi na majirani kuliko ilivyowahi kuwa, na harufu ikawa jambo la ujirani. La pili ni choo chenye bomba la hewa, kilichobuniwa mwaka huo huko Rhodesia na Peter Morgan wa maabara ya Blair: upepo ukipita juu ya bomba refu huvuta hewa kutoka shimoni, na wavu juu yake hunasa nzi. Choo hicho kilienea Afrika nzima. Hakina kitu cha kuchujia. Huiinua harufu juu ya paa na kuikabidhi upepo, suluhisho linalotosha penye nafasi na lisilotosha penye msongamano. La tatu lilitokea Marekani, katika mgodi wa Homestake, Dakota Kusini, ambako kwa mara ya kwanza dhahabu ilianza kunaswa kwa kiwango kikubwa kutoka kwenye maji ya sayanaidi kwa kutumia chembe za mkaa amilifu.

Miaka ya 1980 ndiyo iliyoigeuza elimu ya vichujio kuwa uhandisi wa vipimo. Nchini Ujerumani na Uholanzi sheria za hewa zilikazwa, na mitambo ya majitaka ikafunikwa na hewa yake kupulizwa katika matandiko ya mboji, magome na vipande vya mbao. Mwaka 1983 Simon Ottengraf wa Eindhoven alichapisha hesabu iliyowezesha kukadiria ukubwa wa tandiko kabla ya kulijenga. Kumbukumbu ya zama hizo ni kwamba mboji ilifanya kazi vizuri kisha ikalala: ilishikana, ikapasuka ilipokauka, ikageuka tope ilipozidi maji, na asidi iliyozalishwa humo ikawaua bakteria waliokuwa wakiitengeneza. Kwa hiyo zikaja chembe za miamba ya volkano, udongo uliochomwa na vitu vya viwandani, visivyooza, vinavyodumu zaidi ya miaka 10 lakini visivyo na chakula cha bakteria ndani yake. Tanzania wakati huo ilikuwa na njia yake. Kituo cha teknolojia za vijijini cha Arusha, CAMARTEC, kilianza kueneza mitambo ya biogesi ya samadi, na kwa wafugaji waliotaka gesi isiyonuka wala kula majiko, kutu ya chuma ikawa kichujio rahisi, kwa kanuni ileile ya Hills ya mwaka 1849: salfa huungana na oksidi ya chuma, na chuma kikipata hewa hurejea kazini, ingawa hupata joto na huweza kushika moto.

Kuanzia miaka ya 1990, wasomi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walifanyia kazi mabwawa ya kutibu majitaka na vinamasi vya kujengwa, wakitumia changarawe pamoja na matete na mafunjo ya nchini. Ninaiona hatua hii kuwa yenye busara kuliko nyingine zote katika nusu karne ya mwisho, kwa sababu iliushughulikia mwanzo wa harufu. Katika kinamasi cha kujengwa ambamo maji hupita chini ya uso wa changarawe, gesi inayotoka chini hukutana kwanza na kokoto zenye utando wa bakteria na mizizi inayoshusha oksijeni. Harufu huishia hapo bila feni wala bomba. Bwawa la wazi nalo, likiwa halijazidiwa, huwa na mwani unaotoa oksijeni mchana, na tabaka la juu la maji hayo huunguza salfaidi kabla haijafika hewani. Bwawa linaponuka, mara nyingi limepewa mzigo kuliko uwezo wake, na hakuna mkaa wa kununua utakaolirekebisha, kwa kuwa hewa ya bwawa la wazi haikusanyiki.

Mwaka 2002 mgodi wa North Mara ulifunguliwa Nyamongo, wilayani Tarime. Pamoja nao ulikuja mkaa amilifu, kwa kuwa mtambo wa mgodi huo hunasa dhahabu kwa njia iliyoanzia Homestake. Wachimbaji wadogo wa Kanda ya Ziwa nao walijifunza kuchenjua mabaki ya mwamba kwa sayanaidi na kaboni, yaani mkaa huohuo amilifu. Kwa namna hiyo kitu ambacho miji ya mbali hukinunua ili kuchuja hewa ya majitaka kimekuwa kikishuka kwenye malori Tarime kwa zaidi ya miaka 20, kwa kazi nyingine kabisa. Ni rahisi kudhani kwamba mabaki ya kaboni hiyo yangefaa kwenye bomba la karo. Hayafai. Huweza kuwa na mabaki ya sayanaidi na metali nzito. Hata ikiwa mpya, kaboni ya dhahabu huwa ya chembe ndogo zinazoziba hewa, na bila kuloweshwa kwa alkali au kuundwa upya kwa ajili ya salfa hunasa haidrojeni salfaidi kidogo tu kabla ya kushiba. Iliyoloweshwa hunasa nyingi zaidi, lakini huweza kupata joto na kuwaka ikitunzwa vibaya.

Miaka iliyofuata ililifundisha bonde kwa uchungu maana ya kichujio kushiba. Mwaka 2009 maji yenye asidi yalivuja kutoka mgodini hadi Mto Tigithe, na mwaka 2019 Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC) liliutoza mgodi faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa uvujaji wa bwawa la mabaki. Mwaka 2018 watafiti wa Marekani walichapisha uchunguzi kuhusu viboko zaidi ya 4,000 wa sehemu ya juu ya mto, ambao humwaga tani zipatazo 36 za kinyesi kwa siku: kinyesi hutuama kwenye madimbwi, huoza bila oksijeni, na mvua ikija husukumwa kwa ghafla na kuua samaki chini ya mto. Kisha, Machi 2022, maji ya Mara karibu na Kirumi yaligeuka meusi, yakanuka, samaki wakaelea. Wananchi waliuelekezea mgodi kidole. Kamati ya serikali iliyoongozwa na Profesa Samuel Manyele ilihitimisha kwamba kinyesi na mkojo wa ng'ombe pamoja na mimea iliyooza kinamasini ndivyo vilivyoimaliza oksijeni, na wengi walilipokea jibu hilo kwa mashaka makubwa, wakikumbuka Tigithe. Mashaka yao yana historia na yanastahili heshima. Lakini utaratibu uliotajwa unajulikana kisayansi: mafunjo yaliyokufa, mbolea iliyorundikana na maji yaliyosimama hutengeneza salfaidi mahali palepale palipozoea kuimeza. Masurura, iliyotanuka sana tangu miaka ya 1970, hupokea leo mzigo wa mifugo, mashamba, misitu iliyokatwa Mau na miji inayokua.

Ndani ya urithi huo ndimo Tarime mjini na Mugumu, makao ya Wilaya ya Serengeti, zinamolazimika kuchagua kitu cha kuchujia. Nyumba nyingi za miji hiyo hutegemea vyoo vya shimo na makaro, na magari ya kunyonya majitaka hubeba kinachojaa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019, iliyounda Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini (RUWASA), zimeweka wajibu. Kitu cha kuchujia zimewaachia wahandisi. Kwa nijuavyo mahali hapa, jibu haliwezi kuwa moja. Pale ambapo magari humwaga tope, kwenye chumba kilichofunikwa, hewa chafu hukusanyika na feni inaweza kuisukuma katika tandiko la vipande vya mbao vikubwa vilivyochanganywa na mbolea iliyoiva, lenye kina cha mita 1 hadi 1.5, kwa namna ya kuifanya hewa ikae ndani kwa sekunde 30 hadi 60. Maganda ya kahawa ya Tarime na magunzi ya mahindi yatafaa kwa kuchanganya, si kwa kutegemewa peke yake, kwani huoza na kushikana mapema. Tandiko lazima libaki na unyevu wa karibu nusu ya uzito wake, na kiangazi cha Serengeti ni kirefu. Maji yaliyokwisha kutibiwa yatumike kulinyunyizia. Maji yanayochuruzika chini yake huwa na asidi kali, na hayana budi kurudishwa kwenye mabwawa, kamwe yasielekezwe mtoni. Umeme ukikatika, feni husimama na bakteria huanza kukosa hewa, kwa hiyo jenereta ni sehemu ya kichujio.

Kwenye karo la hoteli au kambi ya watalii karibu na hifadhi, ambako hewa ni kidogo na hutoka yenyewe kwa bomba, kopo la mkaa amilifu ulioundwa kwa ajili ya salfa linatosha, mradi maji ya mvua yasiingie. Mahali penye gesi kali na nafasi ndogo, chembe za miamba ya volkano hustahimili asidi kuliko mbao, ila bei ya kuzisafirisha hadi Tarime ni kubwa. Vipande vya mbao huisha nguvu kwa miaka 3 hadi 5 na vikiisha kuozeshwa vizuri huweza kwenda shambani. Mkaa uliolowekwa alkali ukishiba hurudi kwa muuzaji au huzikwa jalalani kwa utaratibu. Bajeti ya halmashauri inayonunua kichujio mwaka wa kwanza bila kuweka fungu la kukibadilisha mwaka wa nne imenunua sanduku, na wa kwanza kulitambua hilo watakuwa majirani wa mtambo, siku ambayo hewa itapita ndani yake na kutoka jinsi ilivyoingia.